Fundo la Ulimi: Kigugumizi, Ufasaha na Msaidizi wa Msemaji

Makala haya yanahusu jambo ambalo uhakiki wetu wa fasihi huligusa kwa haraka kila linapojitokeza, nalo ni kigugumizi. Mhakiki akimkuta mhusika mwenye kigugumizi katika hadithi au tamthilia, aghalabu humwandika chini ya sifa za wahusika, akaongeza kuwa kigugumizi hicho ni ishara ya woga, au ya uongo, au ya hasira, kisha akaendelea na safari yake. Swali linaloachwa nyuma ni hili: wale walio karibu na mhusika huyo wanafanya nini anapokuwa katikati ya neno? Nakusudia kuliuliza swali hilo kwa kutumia visa viwili. Cha kwanza ni riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1973 kwa tafsiri ya Clement Ndulute iitwayo Shujaa Okonkwo. Cha pili ni kisa cha Nabii Musa, ambacho katika pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani hadi Msambweni na kuendelea mbele, ni nadra kumpata mtoto wa chuoni asiyekijua. Visa hivi vimetoka mbali na mbali, lakini vinagongana mahali pamoja: katika ngumi ya mtu ambaye ulimi wake una fundo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kigugumizi laonekana kuwa na udugu na kitenzi gugumia, yaani kunywa kwa pupa hata koo likasikika. Aliyelibuni neno hili aliisikiliza vizuri hali yenyewe, kwa maana anayegugumiza huonekana kana kwamba anameza kile alichotaka kukitoa. Pia yafaa tuangalie ngeli. Lugha yetu husema kuwa mtu fulani ni kiziwi, ni kipofu, ni kiwete. Hapo mtu na ulemavu wake vimefungwa katika nomino moja. Lakini kwa kawaida hatusemi kuwa mtu ni kigugumizi. Twasema ana kigugumizi, kama vile twasemavyo ana kitembe, au ana homa. Sarufi imemwachia mtu huyu utu wake kamili, na kile kinachomsumbua kimewekwa kando kama mzigo alioubeba. Ni jamii, wala si sarufi, inayomgeuzia mzigo huo kuwa jina la utani.

Magazeti yetu nayo yameongeza maana nyingine. Waziri akikataa kujibu swali, au serikali ikisita kuchukua hatua, habari huandikwa kuwa imepata kigugumizi. Tamathali hii imezoeleka hata haionekani tena kuwa tamathali, na ubaya wake ni kwamba inamlinganisha mtu anayejitahidi kusema kila anachokijua na mtu anayekijua akakificha. Hao ni watu wawili walio kinyume kabisa, na anayelipia mlingano huo si waziri.

Kuhusu hali yenyewe sina haja ya kusema mengi. Kigugumizi huanza kwa kawaida mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Wengi hukiacha wakikua, na miongoni mwa watu wazima hubakia kwa takriban mtu 1 katika kila 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Asili yake imo katika urithi na katika jinsi ubongo unavyouongoza usemi. Woga haukizai, ingawa waweza kukizidisha. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Tukiukubali uwiano huo wa jumla, hata tukiwaondoa watoto, tunazungumza juu ya watu elfu kadhaa wa Kwale, nao wanaishi katika nchi ambayo matabibu wa usemi ni wachache mno na wengi wao wako Nairobi. Msaada wanaoupata, kama wanaupata, unatoka kwa ndugu, kwa jirani na kwa mwalimu. Ndiyo maana swali la kinachofanywa na walio karibu lina uzito nje ya fasihi pia.

Sasa tumtazame Okonkwo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, riwaya hii ilifundishwa kama tanzia ya mtu mwenye kiburi, na sikumbuki kigugumizi kikitajwa hata mara moja. Ajabu ni kwamba Achebe anakitaja katika ukurasa wa kwanza kabisa. Anatuambia kuwa Okonkwo alikuwa na kigugumizi kidogo, na kwamba alipokasirika na maneno yakachelewa kutoka, ngumi zilichukua nafasi ya maneno. Papo hapo tunaambiwa habari za baba yake, Unoka, na hali yake ya kushindwa maishani. Wahakiki wengi wameona hapo mtoto anayeukimbia uvivu wa baba. Mimi naona pia mtoto mwenye ulimi mzito aliyelelewa na baba mwenye ulimi mwepesi. Unoka ni mpiga zumari na mtu wa maneno. Mdai anapokuja kwake, humcheka na kumzungushia maneno hata mdai huyo akaondoka mikono mitupu. Kwa Okonkwo, basi, usemi laini ni mali ya mtu aliyeshindwa. Hawezi kuutamani ufasaha bila ya kumtamani babaye.

Baada ya ukurasa huo wa kwanza, kigugumizi kinapotea. Mazungumzo yote ya Okonkwo yameandikwa yakitiririka kama ya mtu mwingine yeyote. Hatumsikii akikwama, na kwa hiyo hatuwaoni wakeze, wanawe wala marafiki zake wakimngojea amalize. Hili ni pengo la kifani lenye matokeo ya kimaudhui: tumeambiwa sababu ya ngumi, lakini tumenyimwa nafasi ya kuona kama kulikuwa na njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwapo, na Achebe mwenyewe ameiweka, pengine kwa makusudi, katika mkutano wa mwisho wa Umuofia. Msemaji wa kwanza siku hiyo ni Okika, mtu mkubwa na mlumbi, lakini hana ile sauti nene ya kuunyamazisha umati. Je, Umuofia wanafanya nini? Wanamwomba Onyeka, mwenye sauti ya namna hiyo, atoe salamu. Umati unanyamaza, kisha Okika anasimama na kusema yake mwenyewe. Hakuna anayecheka wala anayelishangaa jambo hilo. Jamii hii, tunayoiona ikithamini nguvu za mtu binafsi kupita kiasi, inajua vizuri kumwazima mtu sauti bila ya kumnyang'anya neno. Na katika mkutano huo huo, hatua chache kutoka hapo, wanapofika wajumbe wa serikali ya kikoloni, Okonkwo anaruka na kumkabili mkubwa wao huku akitetemeka, asiweze kutamka lolote. Kuna kimya. Mjumbe ndiye anayeanza kusema, latoka swali moja fupi, jibu laja, panga lafuata. Ulimwengu wote wa Umuofia ulikuwa pale, pamoja na desturi yake ya kuazimana sauti, na hakuna aliyekuwa ameizoea desturi hiyo pamoja na Okonkwo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuruhusu kamwe mtu amwone akiwa na upungufu.

Naomba msomaji aibebe picha hiyo mpaka kwenye kisa cha Musa. Kinavyosimuliwa katika darsa na mawaidha ya pwani, hasa kwa kutegemea sura za Ta Ha na Al-Qasas, ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazipata katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969, Musa naye alimpiga mtu ngumi, na mtu huyo akafa. Anapotumwa kwa Firauni, jambo analolikumbuka kwanza ni mtu huyo aliyemwua. Na mara baada ya kulitaja, anazungumzia ulimi wake na kumwomba Mola ampe nduguye Harun, aliye fasaha kuliko yeye, afuatane naye. Ngumi, ulimi, ndugu: mpangilio huo haukuja ovyo. Mahali ambapo Okonkwo anatoa panga, Musa anaomba mwenzi.

Wafasiri wana maelezo mengi juu ya fundo hilo, maarufu zaidi likiwa lile la kaa la moto ambalo Musa mchanga alilitia kinywani katika nyumba ya Firauni. Mimi navutiwa zaidi na wale wanaosema kuwa Musa hakuomba ulimi wake uwe kama wa Harun. Aliomba fundo lilegee kiasi cha watu kumfahamu, basi. Ndiyo maana Firauni, katika sura ya Az-Zukhruf, bado anapata la kumkejeli nalo: mtu huyu hata kueleza hawezi vizuri. Dua ilikubaliwa, na kigugumizi huenda kilibakia. Watoto wa vyuo vya Ukunda, Gazi na Msambweni huifundishwa dua hiyo waisome kabla ya somo au mtihani, na ni wachache wanaoambiwa kuwa wanaazima maneno ya mtu mwenye fundo la ulimi.

Lakini kazi ya Harun hasa ni nini? Hapa vitabu viwili vinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika Kitabu cha Kutoka, Haruni anafanywa kuwa kinywa cha Musa. Yeye ndiye atakayesema na watu. Katika Kurani, wote wawili wanatumwa, kwa vitenzi vya Kiarabu vya watu wawili ambavyo Kiswahili hakina umbo lake, lakini Firauni anapouliza, anamwuliza Musa, na Musa ndiye anayejibu. Harun yuko pale; fasaha wa nyumba amesimama kando na kumwacha asiye fasaha aseme. Kuna msaidizi anayesema badala ya mtu, na kuna msaidizi anayesimama naye. Onyeka ni wa namna hii ya pili.

Nikirudi Kwale, naona tunazo namna zote mbili, na tunazichanganya. Ile ya pili hupatikana chuoni, mahali ambapo watoto husoma kwa sauti moja. Inajulikana kuwa mwenye kigugumizi akisoma pamoja na wengine, au akiimba, mara nyingi hakwami; na ukienda kusikiliza kasida za maulidi katika mfungo sita, huwezi kumtambua nani ana fundo na nani hana. Mizani za utungo na sauti za wenzake humchukua. Kasida ikiisha, fundo hurudi, na hapo ndipo namna ya kwanza inapoingia: mkubwa mwenye huruma anaona mtoto amekwama, naye anammalizia neno. Anafanya hivyo kwa wema. Hata hivyo mtoto hujifunza kuwa maneno yake yakichelewa yatachukuliwa. Darasani mambo huwa magumu zaidi, kwani mtoto huyo ametoka katika Kidigo, ambamo kugomba ni kusema tu, akaingia katika Kiswahili cha shule, ambamo kugomba ni kuteta. (Okonkwo angeeleweka katika lugha zote mbili: aliposhindwa kugomba kwa Kidigo, aligomba kwa Kiswahili.) Kisha anatakiwa asimame peke yake asome kifungu kwa sauti, apewe alama.

Waandishi wetu wangeweza kuyaonyesha haya kuliko wanavyofanya. Kigugumizi katika maandishi yetu ni vistari: silabi ya kwanza inarudiwa mara tatu, msomaji anacheka au anahurumia, na kazi imekwisha. Lakini kurudia silabi ni namna moja tu. Kuna kuvuta sauti, na kuna kukwama kabisa, mdomo ukiwa wazi na sauti haitoki. Hicho cha mwisho hakina herufi. Mwandishi wa riwaya anaweza kukionyesha kwa njia moja tu, yaani kwa kuwaeleza walio karibu: nani aliangalia pembeni, nani alitikisa kichwa, nani alingoja. Mwandishi wa tamthilia ana nafasi kubwa zaidi, maana jukwaani kimya kinasikika; hata hivyo maelezo ya jukwaani mara nyingi humwelekeza mwigizaji mwenye kigugumizi peke yake, na waigizaji wengine wakaachwa wasimame kama nguzo.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Vitabu vya fasihi simulizi vya shule humtaka fanani awe mkwasi wa lugha na fasaha wa kusema, nasi hulitumia neno fasaha kana kwamba ni kipimo kisichohitaji maelezo. Neno hilo lina shina lile lile la Kiarabu ambalo Musa alilitumia kumsifu Harun. Aliyepewa ujumbe, hata hivyo, alikuwa yule mwingine. Katika mashindano ya muziki ya shule za Kenya kuna mashairi ya kughaniwa na mtu mmoja na yale ya kughaniwa na kundi, na sioni sababu ya fasihi simulizi darasani kupimwa kwa mtu mmoja tu.

Nitataja jambo moja la mwisho katika Shujaa Okonkwo, kwa kuwa linasomwa kwa haraka. Okonkwo amekwisha kujinyonga. Mbele ya mti ule ni Obierika, rafiki aliyekuwa akimtembelea na kumhifadhia mazao yake katika miaka yote ya uhamishoni, anayemgeukia Mkuu wa Wilaya na kumwambia ni mtu wa namna gani aliyemwua. Anasema kidogo tu. Sauti inatetemeka, maneno yanamkaba kooni, anashindwa kuendelea. Mjumbe mmoja anamwamrisha anyamaze, na msimulizi anaona vema kutueleza kuwa amri hiyo haikuwa na haja.