Fundi Haikati Kanda

Redio ikitafuna kanda, watu wengi hushika wembe. Fundi mmoja mjini Nachingwea huanza kwa kuitazama kanda yenyewe. Anailaza kwenye kitambaa cheupe, anachukua bisibisi nyembamba ya nyota na kufungua skrubu tano, moja moja, akizipanga ndani ya kifuniko cha chupa kwa mfuatano uleule zilivyotoka. Kanda ya leo imeletwa na mama mmoja wa Ruangwa, aliyeachiwa kanda hiyo na baba yake. Ni nyimbo za bendi ya Mlimani Park, au Sikinde, zilizonaswa nyumbani kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Wino wa lebo umefifia, ila neno "Sikinde" bado linasomeka.

Ganda la juu analiinua taratibu, kwa kuwa ukilivuta kwa pupa magurudumu huchomoka na utepe wote humwagika mezani. Ndani kuna roli mbili za pembeni, karatasi mbili laini za kuteleza, na kijisponji kilichobandikwa kwenye kibati cha shaba. Kazi ya kijisponji ni kuusukuma utepe ulalie hedi, ile inayousoma. Hiki kimebanduka. Fundi anakwangua gundi iliyokauka, anapaka tone jipya kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, anakibana na kusubiri. Wakati wa kusubiri hashiki kazi nyingine.

Kisha anaugeukia utepe. Upana wake haufiki milimita nne, na kanda ya dakika 60 hubeba mita 90 hivi. Kila sekunde hupita karibu sentimita 4.8, kwa hiyo ukikata sentimita moja umeondoa sehemu ya tano ya sekunde ya muziki. Ndiyo maana fundi hakati palipojikunja. Anapalaza juu ya kioo na kupanyoosha kwa mgongo wa ukucha, akirudia na kurudia. Palipokatika kabisa, anasawazisha ncha mbili kwa mshazari, anazikutanisha zisipishane, na kubandika kipande cha selotepu upande wa nyuma, usiogusa hedi. Mshazari huo hufanya kiungo kipite kidogokidogo, sikio lisishtuke. Anarudisha ganda, anakaza skrubu zote nusunusu kabla ya kuzimaliza, kisha anazungusha gurudumu kwa penseli mpaka utepe ukae sawa.

Hedi ya redio anaisafisha kwa pamba yenye spiriti. Pembeni yake kuna skrubu ndogo yenye springi, na hapo ndipo ustadi wake unapoonekana wazi. Kila redio hurekodi kwa mwinamo wake. Hedi inayosoma isipolingana na ile iliyorekodi, sauti za juu hupotea: manyanga, matoazi, mlio mkali wa nyuzi. Fundi anapeleka kanda mpaka kwenye chemko, pale wimbo unapoongeza kasi na magitaa kujibizana. Mwanzoni muziki unatoka kama umefunikwa blanketi. Anagusa skrubu, chini ya robo mzunguko. Manyanga yanajitokeza. Anagusa tena, na gitaa la rithim linasikika likiwa peke yake, kisha la solo, na solo la pili likilipokea. Anapitiliza kidogo makusudi ili asikie sauti ikianza kufifia, halafu anarudi pale ilipokuwa safi.

Kwa kazi hii amesikiliza machemko yaleyale miaka mingi, na maoni yake yamegeuka. Ujanani alikuwa mtu wa Msondo. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, aliisikiliza kwa ajili ya waimbaji Muhidini Gurumo na Hassani Bitchuka tu, waliotoka Juwata, bendi ya Msondo. Muziki wenyewe aliuona umetulia mno. Leo hukisifu kile alichokilalamikia. "Sikiliza rithim," ananiambia. "Haidai sifa, na haitoki kwenye mstari hata mara moja. Wengine wote wamesimama juu yake." Zipo pia nyimbo zilizoshuka kwake. "Zile nilizipendea ujana wangu, si upigaji."

Nami nilizoea kuzipima nyimbo za Sikinde kwa mashairi: nani kaonywa, nani kaachwa. Nikiwa kando ya meza yake nazisikia kama kazi ya watu wengi, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Michael Enoch, mwanamuziki wa bendi hiyo waliyemwita King, anastahili kutajwa pumzi moja na waimbaji.

Mama wa Ruangwa anaingia. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Keti usikilize upande wote, ndipo tuongee malipo."

Anaketi. Anasema baba yake alikuwa akirudisha nyuma wimbo mmoja kila mara, na ulioufuata hawakuwahi kuumaliza. Huo wa pili unapoanza, anamwomba fundi aongeze sauti.

Maoni juu ya muziki hayakomai kwa miaka mitupu. Hukomaa kwa kusikiliza tena kwa makini, na fundi huyu ndiye anayetupa nafasi hiyo. Kama una kanda za wazazi wako kabatini, usizitupe. Mpelekee fundi aliye karibu nawe, mlipe haki yake, kisha sikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, hata nyimbo ulizokuwa ukiziruka.