Oda Moja kwa Mkupuo: Kosa Linaloua Meza ya Tapasi

Katika mkahawa mdogo wa mvinyo na tapasi, zile sahani ndogo za Kihispania, wa viti 20 au 30, kaunta fupi na menyu ya chaki ukutani, uamuzi mzito kuliko yote hufanyika kabla mafuta hayajapata moto. Mhudumu huinamia meza, huwaeleza wageni kwamba sahani zitakuja kadiri zinavyokuwa tayari, huandika oda nzima katika karatasi moja, tangu zeituni hadi nyama, na kuipeleka jikoni. Uamuzi huo ni kosa. Wala si suala la mtindo au la anachopenda fulani; ni kosa la kiufundi, na karibu kila kinachoharibika mezani baadaye, kuanzia kamba hadi glasi ya mvinyo, asili yake ni karatasi hiyo.

Jiko la mkahawa wa aina hii huwa na wapishi wawili au watatu na vituo vitatu: vitu baridi, karai la mafuta na plancha, yaani bamba la chuma la kukaangia. Karatasi ikifika, vituo vyote huanza kazi kwa pamoja, maana hakuna aliyeambiwa asubiri. Zeituni na jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, hutoka mara moja. Croqueta huhitaji dakika chache tu ndani ya mafuta ya nyuzi 180. Kamba wa kitunguu saumu hawachukui hata muda huo, na pweza aliyechemshwa tangu asubuhi hukatwa na kupashwa tu. Robo saa haijaisha, sahani sita zimekwisha kutua juu ya meza yenye nafasi ya tatu, na mhudumu anahamisha chupa ya maji ili ya saba ipate pa kukaa. Kwa hiyo ile ahadi ya "kadiri zinavyokuwa tayari" ina maana moja: mpangilio wa mlo umeachiwa saa ya jikoni. Kinachoiva upesi hutangulia, kinachochelewa kuiva hufuata, na ulimi wa mlaji haukuulizwa. Ni kama kocha anayewaingiza uwanjani wachezaji wote wa akiba dakika ya kumi kwa sababu wamekwisha kuvaa jezi.

Majiko ya Ufaransa yalikuwa na dawa ya jambo hili zamani. Katika mfumo wa vikosi vya wapishi ambao Auguste Escoffier aliupa umbo mwishoni mwa karne ya 19, yupo mtu wa kutangaza oda na kuamua kipi kianze kupikwa na kipi kingoje. Kaunta ya tapasi haikumhitaji mtu huyo, kwa kuwa mhudumu wa kaunta ndiye aliyekuwa mtangazaji mwenyewe. Meza ya oda moja imewaondoa wote wawili na haikuweka yeyote mahali pao.

Croqueta ndiyo ya kwanza kuumia. Ikitoka kwenye mafuta, ganda lake la chenga za mkate ni kavu na linavunjika kwa sauti, na ndani ile sosi nzito ya maziwa ni ya moto kiasi cha kuunguza. Ikiachwa mezani, mvuke wa ndani hutafuta njia na kupita kwenye ganda, na muda si mrefu kinachotafunwa ni mkate uliolowa uliofunika uji mzito. Mikahawa mingi huzidisha balaa kwa kuipakua juu ya kipande cha jiwe jeusi. Jiwe baridi hunyonya moto na kufungia unyevu upande wa chini, halina ukingo wa kuzuia mchuzi, na uma ukilipitia meno hukereka. Mtindo huo ulipaswa kuzikwa miaka mingi iliyopita, lakini kila mwaka hupata wafuasi wapya.

Kamba wana hali mbaya zaidi, kwa sababu wao huendelea kuiva mbele ya macho ya anayewasubirisha. Gambas al ajillo hufika katika cazuela ya udongo, mafuta ya zeituni yakitokota, na udongo hutunza moto. Mpishi hodari huwatoa jikoni wakiwa bado kidogo, akijua kwamba cazuela itawamalizia njiani na kwamba mlaji ataanza nao papo hapo. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa iwapo mezani hakuna kingine. Pakiwa na sahani nyingine tano, kamba hubaki katika mafuta hadi wanakakamaa, na vipande vya kitunguu saumu vilivyokuwa na rangi ya dhahabu vinaungua na kuwa vichungu. Kisha mlaji husema mpishi kawapitisha moto. Mpishi hakukosea, aliyekosea alikuwa na kalamu.

Pweza huteswa kwa njia iliyo kinyume. Ngozi yake ina kolajeni ambayo kwa kuchemshwa hugeuka jelatini: ikiwa ya moto huteleza, ikipoa hunata, na mafuta yenye paprika hujikusanya juu ya kibao cha kupakulia badala ya kuvaa nyama. Pweza wa Kilwa na Mafia husafirishwa wakiwa wamegandishwa hadi masoko ya kusini mwa Ulaya. Baada ya safari ndefu kiasi hicho, kusahauliwa nyuma ya chupa ni mwisho usio na heshima. Mkate wa nyanya nao hulowa, na pilipili za Padrón hunywea.

Wanaovumilia ni wawili tu. Tortilla, kimanda kinene cha viazi, huliwa vuguvugu au hata ikiwa imepoa bila kupungukiwa na kitu, na jamón ya nguruwe aliyenenepeshwa kwa matunda ya mwaloni hupata faida ikikaa, kwa kuwa mafuta yake hulainika katika joto la chumba. Lakini hapo ndipo mpangilio wa saa ya jikoni unapojikanyaga wenyewe: sahani hizo mbili zinazoweza kungoja ndizo zinazoliwa kwanza, kwa sababu haziunguzi mdomo, na zile zisizoweza kungoja huachwa zipoe.

Mvinyo huumia bila kelele. Fino na manzanilla, sheri kavu, hukomaa chini ya flor, utando wa hamira unaoukinga mvinyo na hewa ndani ya pipa, na kilevi chake huwa kama asilimia 15. Ukavu wake husafisha mafuta ya jamón na croqueta mdomoni vizuri kuliko mvinyo mwekundu wowote. Amontillado, iliyoanza chini ya flor na kumalizia katika hewa, hupokea zamu uyoga na kuku wanapofika. Oloroso, au garnacha kwa asiyependa sheri, husimama na nyama. Ngazi hiyo waliijenga watu wa Jerez na Sanlúcar de Barrameda kwa vizazi vingi, na hupandwa sambamba na sahani. Sahani zikija pamoja, ngazi haina pa kuegemea. Mlaji hulazimika kutafuta chupa moja ya kukabili anchovi, kamba, pweza na kondoo kwa wakati mmoja, na kwa kawaida huangukia tempranillo nyekundu iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni. Tanini zake zikikutana na anchovi huacha ladha ya chuma ulimini, na mvinyo mzuri huitwa mbaya.

Kuhusu fino, yafaa kurudia lililokwisha kusemwa hadi kuchosha. Fino ya vuguvugu, ikitiwa matone mawili katika kiglasi kisichoingia pua, kutoka chupa iliyofunguliwa wiki kadhaa nyuma na kusimamishwa rafuni karibu na mashine ya kahawa, si fino tena. Chupa ikishafunguliwa ni ya jokofu na ya siku chache. Hunywewa ikiwa na nyuzi 7 hadi 9, katika glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe. Hakuna gharama yoyote hapo, na bado jambo hilo halifanyiki.

Wazee wa fani hii hawakuwa na kitabu cha kanuni. Kanuni ilikuwa miguuni mwao. Katika mji mkongwe wa San Sebastián, mlaji huingia baa, huagiza kitu kimoja na kinywaji kidogo, hula amesimama, hulipa, kisha huelekea baa inayofuata, kwa kuwa kila baa ina chake inachosifiwa. Gilda, ule mshikaki mdogo wa zeituni, anchovi na pilipili ya guindilla uliozaliwa Casa Vallés na kupewa jina la filamu ya Rita Hayworth ya mwaka 1946, hufungua safari. Pande la nyama la Bar Néstor huifunga. Bar Néstor hiyohiyo hupika tortilla mbili tu kwa siku, moja mchana na moja jioni, na anayetaka kipande hutangulia kuandikisha jina. La Cuchara de San Telmo ilikataa kabisa kupanga vitu baridi juu ya kaunta. Kila kitu kilipikwa baada ya kuombwa. Katika baa zote hizo, kati ya sahani moja na nyingine palikuwa na mwendo wa barabarani, na mwendo huo ulifanya kazi ambayo leo hakuna anayeifanya.

Sevilla ilitatua jambo hilo kwa chaki. Katika El Rinconcillo, baa inayohesabu umri wake tangu 1670, mhudumu huandika hesabu juu ya mbao za kaunta mbele ya mteja na kuongeza tarakimu kila kinapoagizwa kingine. Watalii huipiga picha chaki hiyo wakidhani ni pambo. Ni mfumo wa oda, na ni bora kuliko kompyuta nyingi zilizokuja baadaye, kwa sababu umekubali kwamba hakuna ajuaye sahani yake ya nne kabla hajala ya pili.

Barcelona ndiko ufundi ulikofika kileleni. Cal Pep ya Pep Manubens iliwaketisha wageni kwenye kaunta moja, wapishi wakiwa upande wa pili, karibu kiasi cha kuguswa. Mtu wa kaunta aliwatazama, akaanza na chepesi, akasogeza sahani iliyofuata pale ya kwanza ilipokaribia kwisha, akaacha kuleta alipoona mikono imelegea. Miguu ya San Sebastián ilikuwa imepata mrithi: macho ya mhudumu. Hakuna mkahawa wa tapasi uliofunguliwa tangu hapo uliomzidi Pep katika kusoma mwendo wa mlaji.

Aliyemkaribia alikuwa London. Ndugu Sam na Eddie Hart walipofungua Barrafina huko Soho mwaka 2007, waliiga kaunta ya Cal Pep waziwazi: viti 23, hakuna kuweka nafasi, foleni ukutani. Mpishi Nieves Barragán aliongoza jiko hilo hadi likapata nyota ya Michelin, na sahani zilifuatana kama inavyotakiwa. Lakini wimbi kubwa la sahani ndogo lilipita kwingine. Mwaka 2009 Russell Norman alifungua Polpo katika mtaa huohuo wa Soho, akichukua mfano wa bacari za Venezia, baa ambako watu hula vipande vidogo wakiwa wamesimama na glasi mkononi. Walioiga baada yake walichukua udogo wa sahani na balbu zisizo na kivuli, wakaacha kaunta na kusimama. Sahani ndogo zikahamia kwenye meza za kuketi, na karatasi ya oda ikahama nazo.

Watetezi wa mfumo huu hutaja kodi ya pango. Chumba cha viti 24 hakilipi mpaka kila kiti kikaliwe mara mbili kwa usiku, na oda moja hufupisha ukaaji wa meza. Hoja hiyo ni ya mhasibu, na hata kwake haisimami: Barrafina ilikuwa na viti vichache kuliko hivyo, ikajaa kila usiku, na sahani zilikuja kwa zamu. Kinachookolewa ni hatua chache za mhudumu kati ya meza na jiko. Kinachopotea ni glasi ya pili na ya tatu, ambazo mlaji angeagiza kama sahani zingempa nafasi, na faida ya mkahawa wa mvinyo imo humo.

Kwa upande wa mazuri, mkate siku hizi ni bora, mafuta ya zeituni ni safi, na jamón hukatwa nyembamba kwa mkono inavyopasa. Bado limebaki lile la croqueta tatu kuletwa kwa watu wawili, desturi isiyo na utetezi wowote, na swali la mhudumu kama wageni wamewahi kula hapo, likifuatwa na mhadhara wa jinsi menyu "inavyofanya kazi". Menyu inayohitaji mhadhara haifanyi kazi.

Tiba haidai kaunta mpya wala kodi ndogo. Inatosha mhudumu aandike sahani mbili, arudi zikikaribia kwisha, aandike nyingine mbili pamoja na mvinyo wake. Mgeni naye hana sababu ya kungoja mikahawa ijirekebishe. Aagize zeituni, jamón na fino baridi, abaki na menyu yake mkononi, na asiwataje kamba hadi sahani ya kwanza iwe tupu.