Kunakili Mwamba

Katika sanaa zote za mkono sijui iliyo na adabu kali kuliko rangi za maji, kwani rangi ya mafuta hukubali kufunikwa, na mkaa hukubali kufutwa, bali maji yakishanyweka katika karatasi yamekwisha kukata hukumu. Na weupe wa picha, uwe ni mng'aro wa jua juu ya jiwe au povu la wimbi, kwa desturi si rangi inayotiwa, ni karatasi yenyewe iliyoachwa, hata mchoraji hulazimika kujua atakachokiacha kabla ya kujua atakachokipaka. Ndiyo maana naisifu njia ya kale ya kujifunza kwa kunakili, na katika vya kunakiliwa sijaona mwalimu aliye bora kuliko picha ya majabali.

Hoja ya wanaopinga naijua, na aliyeieleza kwa nguvu ni mtu wa heshima: Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, mmoja wa waasisi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, ambaye amewausia vijana kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Usia huo ni wa haki kwa anayetaka kuuza kazi ya mwenziwe kama yake. Lakini mtoto wa chuoni afuatishaye herufi za mwalimu wake ubaoni haibi hati ya mtu. Anaukabidhi mkono wake kwa mkono uliotangulia, ili siku moja auchukue tena ukiwa na nguvu.

Picha niipendayo ni ya John Ruskin, Mwingereza aliyeuchora mwamba wa Glenfinlas, Scotland, mwaka 1853 na 1854, karibu wote kwa weusi na kijivu. Kwa kuwa haina rangi za kulihadaa jicho, humfunga anayeinakili na jambo moja tu, nalo ni mwanga na kivuli. Isitoshe, mnazi au uso wa mtu mkono huuchora kwa mazoea, ilhali jabali halina mazoea. Kila ufa sharti utazamwe mpaka mwisho wake.

Kazi huanza kwa tabaka nyepesi mno, kisha husubiriwa. Hapa Mjambere, upande wa Kisauni, msimu wa masika hewa hujaa unyevu na karatasi hukataa kukauka, na mwenye haraka atiapo tabaka ya pili huona maji yakirudi nyuma na kuacha ukingo wa madoa usioondoka. Tabaka ya kwanza ikishakauka, burashi iliyokaribia kuwa kavu huburutwa kwa ubavu juu ya karatasi yenye uso wa kukwaruza. Rangi hushika vilele na kuruka mabonde, na papo hapo ngozi ya jiwe hutokea. Buluu ya ultramarini ikichanganywa na udongo mwekundu uliochomwa huzaa kijivu chenye uhai, kwani chembe za ile buluu hutuama katika vishimo vya karatasi kama mchanga. Na kinachozishikilia rangi hizi ni gundi ya mgunga, mti unaoota hata katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya.

Ruskin mwenyewe, katika kitabu chake cha mafunzo ya uchoraji cha mwaka 1857, humtuma mwanafunzi aokote jiwe la njiani alichore. Jiwe la kwetu ni tumbawe, lililozaliwa baharini, ndilo lichimbwalo Bamburi kwa kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Aliyeinakili Glenfinlas barabara, akishuka ufuoni Likoni maji yanapokupwa, atakuta nyufa ndefu alizozizoea hazimo: mwamba umejaa vitundu na ncha kali, na chini yake, palipoliwa na mawimbi, pana kivuli ambacho si cheusi, kwa sababu mchanga mweupe hukirudishia mwanga kutoka chini, kikawa na buluu yenye joto. Kivuli hicho hakimo katika picha ya Ruskin, na hapo ndipo Njau anapostahili kusikilizwa.