Duanwu chini ya maji: televisheni imehifadhi nini hasa?



Kila vyombo vya habari vya Uchina vinaposifiwa kwa kufufua sikukuu zinazofifia, mfano ni uleule: ngoma ya chini ya maji ya Televisheni ya Henan, iliyorushwa Juni 2021 kwa ajili ya Duanwu, yaani sikukuu ya mashua za dragoni. Nimeitazama mara nyingi na sikatai, ni nzuri mno. He Haohao anazunguka majini, vitambaa vinamfuata kama moshi, wala huoni anapumua saa ngapi. Ila swali langu ni dogo tu: Duanwu yenyewe iko wapi humo?

Siku hii huangukia tarehe 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao ya mwandamo. Wengi tunaijua kwa kisa cha Qu Yuan, mshairi anayesemekana kujitosa katika mto Miluo karne ya 3 kabla ya Masihi. Lakini majumbani ilikuwa siku ya kinga. Mwezi wa 5 ulihesabiwa kuwa mwezi wa sumu: joto linapanda, wadudu na maradhi vinaamka. Basi watu walitundika mlangoni pakanga na majani marefu ya kinamasi yenye umbo la upanga. Mtoto alifungwa mkononi uzi wa rangi tano (sisi tungeuita hirizi, bila kusita) na kuvishwa kifuko cha viungo. Bibi naye amekaa na beseni la mchele wa kunata, anafunga zongzi kwa majani, mjukuu pembeni anatazama pembe zinavyokunjwa.

Hivi huyo bibi mmemwona katika ngoma ile? Hata mungu wa kike anayechezwa ni wa mto Luo, maarufu kwa utungo wa Cao Zhi wa karne ya 3 baada ya Masihi. Kwa Duanwu ni mgeni mwalikwa.

Mtaniambia kijana aliyeduwaa kwa uzuri huo atakwenda kutafuta mengine. Huenda. Lakini jina la sikukuu halina hofu: lilipewa mapumziko ya kitaifa 2008, UNESCO ikaiandikisha 2009. Kinachofifia ni kazi ya mkono. Zongzi za kiwandani zimejaa madukani, na ukishazoea kununua, ukunjaji unaondoka na yule aliyeujua.

Ndiyo maana mie nampa Li Ziqi alama zaidi. Najua, video zake zina sukari nyingi. Shamba gani hilo lisilo na deni wala mgongo unaouma? Lakini kamera yake hukaa mikononi: kuloweka, kusaga, kufunga, kungoja. Mtazamaji makini anaweza kutoka pale na kazi ya kujaribu jikoni kwake. Ninachokikosa ni majirani. Mara nyingi uani yumo yeye na bibi yake tu, na mashua ya dragoni, jamani, haipigwi makasia na watu wawili.