Dosie nyingi, mtu hakuna

Bandugu, kila juma ninasoma matangazo ya kazi za migodi hapa kwetu Musonoi. Muajiri anahesabu dosie alizopokea, anasema tangazo limefaulu. Hapana! Linaomba miaka 5 ya kazi, lakini halisemi mshahara, wala kama utaandikwa na mgodi wenyewe ao na kampuni ya sutretansi. Haiko jambo dogo: mwaka 2021 shirika la RAID lilikuta karibu 57% ya wafanyakazi wa migodi 5 ya Lualaba beko mu sutretansi.

Mimi nilipeleka dosie, nikaitwa, ndipo nikasikia mkataba ni wa miezi 3. Nikarudi nyumbani, muajiri naye akapoteza siku. Waajiri, andikeni mkataba na mshahara. Dosie zitapunguka, lakini wenye kuja watabaki.