Nafasi Baina ya Bomba na Chuma: Mwongozo wa Kupambanua Kazi Njema ya Ekzosi

Apitaye asubuhi katika njia za Kitui na Makueni, tangu mchanga wa mto Thua hata masoko ya Wote na Emali, huziona pikipiki zikichukua mizigo ambayo zamani ilikuwa juu ya mgongo wa punda: mitungi ya maji yaliyochotwa katika visima vya mchangani, magunia ya ndengu, kreti za maembe, na aghalabu abiria mmoja juu ya hayo yote. Ili chombo kistahimili mzigo huo, mwenyewe humwendea fundi wa jua kali akafungiwa keria za pembeni, yaani vyuma vilivyopindwa mfano wa susu, kimoja kuume na kimoja kushoto. Na siku ile ekzosi iliyotoka kiwandani inapoliwa na kutu au kupasuka kwa mitikisiko, humrudia fundi akamtaka amfungie nyingine, iwe imenunuliwa dukani au imeundwa pale pale penye cheche. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa kuwa katika pikipiki nyingi za bodaboda bomba la moshi na keria ya kuume huwania mahali pamoja: bomba ni la moto na lataka hewa, keria ni nzito na yataka egemeo, na fundi amewekwa kati yao awe kadhi.

Mwongozo huu ni wa yule atakaye kujua, kabla hajatoa ujira, kama hukumu iliyotolewa ilikuwa ya insafu. Rai yangu ni moja, na yote yafuatayo ni sherehe yake: ipime kazi kwa nafasi alizoziacha fundi kuliko wingi wa chuma alichokiongeza. Wahunzi wa kale wa nchi hii ya Ukambani, ambao mikufu yao myembamba ya nyaya za chuma na shaba ilisifiwa mbali, waliijua siri hii kabla pikipiki haijazaliwa. Thamani ya mkufu imo katika ule uwazi mdogo uliomo ndani ya kila pete. Ukizidi, pete huchomoka, na ukikosekana, mkufu hugeuka kuwa fimbo.

Jicho

Itazame pikipiki ingali baridi, imesimama wima juu ya stendi yake. Nenda nyuma hatua tatu uchutame, uone kama keria mbili zimelingana kwa kimo na kwa umbali wao kutoka gurudumuni, maana keria iliyosukumwa nje upande mmoja ili kulipisha bomba, pasipo kusawazishwa upande wa pili, itakiyumbisha chombo kila siku ya maisha yake. Kisha sogea ubavu wa kuume, ulifuate bomba kwa macho tangu linapotoka katika injini mpaka mkiani, ukipitisha kidole baina yake na kila chuma kilicho jirani. Kidole kikipita kwa raha, vema. Kisipopita, bomba litagonga njiani, na kinachogonga hupasuka. Pale mtungi utakapokaa, taka vidole vitatu au zaidi, kwa sababu plastiki ya mitungi yetu huyeyuka kwa joto la kadiri ya nyuzi 130, ilhali bomba karibu na injini laweza kupita 300. Mahali pakiwa pafinyu, fundi mwelevu huweka bati la kukinga joto, akaliinua kwa vishikizo vidogo ili hewa ipite chini yake. Bati lililolazwa juu ya bomba halikingi kitu, limekuwa ngozi ya pili ya bomba lile lile.

Usiondoke ubavuni kabla ya kuuliza spana itapita wapi. Nati ya ekseli ya nyuma, virekebishio vya cheni, boliti ya kumwagia oili na pedali ya breki vyote vina haki ya kufikiwa. Keria inayokulazimu kuifungua ekzosi kila unapotaka kukaza cheni, hata iwe imara namna gani, imekuuzia kazi ya kila mwezi pamoja na chuma.

Sasa tazama maungo. Mshono mwema wa kuchomelea hulala kwa mawimbi madogo yaliyofuatana kama magamba ya samaki, umeingia sawasawa katika vyuma vyote viwili, wala hauna vitundu, wala mfereji uliochimbwa kandokando yake, kwani mfereji ule ndiko ufa utakakoanzia. Uwe na hadhari na mshono uliosagwa kwa grenda hata ukalainika na kupakwa rangi nzito siku hiyo hiyo. Huenda ni unadhifu, na huenda ni ushahidi uliofutwa. Tazama pia makunjo. Bomba lililopindwa tupu hubonyea ndani ya kunjo na kuusonga moshi, ilhali lililojazwa mchanga mkavu na kuzibwa ncha zake kabla ya kutiwa moto hupinda likabaki na duara lake. Na katika nchi ambayo mito yake mingi ni mchanga mwaka mzima isipokuwa siku chache za mvua, fundi aliyeacha kuutumia hana udhuru.

Mkono

Katika mitihani yote, huu ndio mkuu, nao ni wa dakika mbili. Mwombe fundi, kwa adabu, alegeze na kuichomoa boliti ile moja inayoishikilia sailensa kwenye fremu, huku nati za kichwani pa injini zikiwa zimekazwa. Bomba likitulia pale pale, tundu likitazamana na tundu, basi lilifungwa kwa hiari yake. Likiruka kando kama upinde ulioachiwa, ujue lilivutwa kwa nguvu ya spana, na nguvu hiyo haikutoweka, imejificha katika mshono au katika skrubu mbili za injini ikingoja siku ya kuvivunja. Fundi ajuaye kazi huvitia vyote kwa vidole kwanza, akakaza nati mbili za kichwani kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka gasketi mpya ikae sawa, kisha akamalizia kwa boliti ya nyuma. Nimesema gasketi mpya, kwa kuwa ile ya zamani imekwisha kubanwa kwa umbo la bomba lililoondoka, na kuirudisha ni kama kumvisha bwana harusi viatu vya marehemu.

Tia mkono nyuma ya kishikizo, utafute mpira. Bomba la chuma lenye urefu wa mita moja, likipata joto la nyuzi 300 kupita lililokuwa nalo, huongezeka urefu kwa kadiri ya milimita 3.5, nalo hurudi linapopoa. Na kwa dereva ashushaye na kupakia kutwa, kwenda na kurudi huko hutokea mara nyingi kwa siku. Kishikizo chenye mpira na bushi ya chuma ndani yake hulipa bomba ruhusa ya kurefuka. Kishikizo kilichochomelewa moja kwa moja hulinyima, na bomba lililonyimwa hujitafutia njia kwa kupasuka.

Mwisho wa mkono ni keria yenyewe. Itikise kwa nguvu, ukiangalia inaposhika. Kazi njema huifunga kwa boliti mahali ambapo fremu ina matundu yake, na kazi ya haraka huichomelea juu ya fremu, ikaudhoofisha mfupa uliokuwa mzima. Keria inayoegemea kishikizo cha ekzosi usiipokee kabisa, maana imemtwika mgonjwa mzigo wa mzima.

Sikio

Washa injini ingali baridi, usikilize kichwani. Mlio mdogo wa tik-tik unaokwenda na mwendo wa injini ni gesi inayopenya gasketini. Ziba mkia wa ekzosi kwa kitambaa kwa nukta chache, kabla haujapata moto, na mahali popote panapovuja patajitaja kwa sauti. Baadaye, barabarani, ukiachia mafuta kwenye mteremko na bomba likajibu kwa mipasuko, aghalabu ni hewa inayoingia mahali isipoalikwa.

Wako vijana wanaotaka mngurumo, nao humtaka fundi aing'oe mitambo ya ndani ya sailensa wakidhani kelele ni nguvu. Hiyo ni ghururi. Injini ndogo ya cc 100 au 150 ilipimiwa kabureta kwa ajili ya bomba lililoizuia kwa kiasi. Ukiuondoa uzuio, huenda mchanganyiko ukawa na hewa nyingi na mafuta haba, injini ikachemka, na plagi ikatoka nyeupe kama majivu. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya udongo mwepesi. Nyeusi yenye masizi ni shibe, nyeupe ni njaa. Fundi atakayekufungulia moshi pasipo kuitazama plagi wala kuigusa jeti ya kabureta amefanya nusu ya kazi. Zaidi ya hayo, kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitikisiko zipo, na jirani alalaye saa nane za usiku ana haki yake hata pasipo kanuni.

Shehena

Kazi iliyoonekana njema ikiwa tupu haijathibitika. Ijaze mitungi minne ya lita 20, ambayo kwa maji ni kilo 80, keti juu yake, na umwombe mwenzako achutame atazame: shoki zikididimia, gurudumu hupanda kuielekea fremu, na uwazi uliokuwa wa vidole vitatu juu yake huenda umebaki ukucha. Kisha iendeshe. Barabara ya lami itokayo Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui ni laini mno kwa mtihani huu. Ingia katika mojawapo ya njia za mchanga na mawe zinazochepuka kando yake, uende kilomita kumi na kurudi. Chombo kikipoa, tafuta mahali palipong'aa: rangi iliyosuguliwa na chuma cheupe kilichojitokeza ni maandishi yasemayo nani amemgusa nani. Zikazwe nati tena baada ya moto huo wa kwanza, na fundi mwaminifu atakukumbusha mwenyewe bila ya malipo.

Ulimi

Yamebaki maswali, nayo ni machache. "Fundi, betri uliiondoa waya kabla ya kuchomelea?" maana umeme wa mashine ya kuchomelea waweza kuviunguza vifaa vya moto wa plagi na vya kuchaji. "Waya wa athi uliubana wapi?" naye ajibu kwamba ni karibu na mshono. "Boliti ipi uliikaza mwisho?" Ajuaye hujibu huku akiendelea kupangusa mikono, na asiyejua huanza kusifu chuma chake.

Lakini swali lililo bora kuliko hayo hutoka kwake yeye, tena kabla hajashika futi wala kuwasha mashine. Ukifika karakanani, na fundi akaizunguka pikipiki yako kimya, akaweka vidole vyake vitatu baina ya bomba na hewa tupu, kisha akainua macho na kukuuliza, "Wewe hubeba nini?", mpe kazi.