Dakika Nane Zilizobaki

Sahibu yangu mmoja, mtu wa makamo asiyepata kukaa meza moja na bingwa yeyote, hucheza sataranji kwa simu kila usiku baada ya isha, na kwa kuwa mtandao huhifadhi kila hatua na kila sekunde iliyotumika, nilimwomba idhini nikaupekua mchezo mmoja alioshindwa kwa hatua 12, ilhali katika dakika 10 alizopewa alikuwa amebakiwa na zaidi ya 8.

Akishika kete nyeupe hana mlango ila mmoja: askari e4, farasi f3, askofu c4, na pindi mweusi anapotoa farasi wake wa pili hadi f6, yeye humrusha wake g5 kuunyemelea mraba wa f7, ambao mwanzoni hauna mlinzi ila mfalme mwenyewe. Si hila ya kubezwa, kwani Polerio wa Italia aliijua zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mweusi husogeza askari d5, naye huliwa. Endapo atalipiza kwa farasi, farasi mweupe hujitoa mhanga f7, mfalme hulazimika kumla, malkia hutokea f3 akimkabili mfalme na farasi wa d5 kwa pamoja, na mfalme yule, ili amnusuru farasi wake, hutoka hadi e6, kama mwenye nyumba aliyetolewa nje usiku na shuka kiunoni.

Usiku ule mpinzani hakulipiza, bali alimpeleka farasi a5 kumfukuza askofu, na hilo ndilo jawabu sahihi. Sahibu yangu akaendelea kwa sekunde mbili tatu kila hatua: askofu b5, mpinzani c6, askari wakalana, askofu akarudi e2. Kufikia hapo hajakosea, tena ana askari mmoja wa ziada. Kisha h6 ikamfukuza farasi hadi f3, e4 ikamfukuza tena, na badala ya kumpeleka mbele e5, penye makao mema, akamrejesha g1, zizini alikotoka. Hatua nne za mnyama huyo zikawa bure.

Mweusi akamweka askofu c5. Sahibu yangu akasogeza askari b3, kwa azma ya kumfungulia njia askofu wake wa pili. Malkia mweusi akashuka d4, akiitishia ngome ya a1 na mraba wa f2 kwa wakati mmoja. Sekunde tatu: askofu b2! Kwa hatua hiyo ameilinda ngome na kumshambulia malkia, na yamkini alikwisha kutabasamu. Malkia akamla askari wa f2, nyuma yake yupo askofu wa c5, na mfalme mweupe, aliyezingirwa na watu wake mwenyewe, akawa hana pa kwenda. Na f2 ni f7 ile ile, ukiitazama kutoka upande wa pili wa ubao.

"Malkia nilimwona, bwana," aliniambia, "yule askofu ndiye sikumwona."

Namsadiki. Nisichokubaliana naye ni dhana yake kuwa amepungukiwa na maarifa ya ufunguzi, kwa kuwa hatua tisa za mwanzo alizicheza kwa hifadhi, na haraka yake hapo ilikuwa ya haki. Kosa ni kwamba hifadhi ilipokwisha, mkono haukupunguza mwendo. Chini ya mchezo kuna kitufe cha kuiita programu ya Stockfish, ikosoe bure bilashi. Hakukigusa. Kumbukumbu inaonyesha kuwa mchezo uliofuata ulianza kabla dakika haijatimia: askari e4, farasi f3, askofu c4.